Haller Park na mtoto wa miaka mitatu: nendeni alasiri na msiwe na haraka

Kabla sijafika Haller, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, wacha niwaambie tulikotoka. Wikendi ya nyuma yake tulimpeleka binti yetu kwa ile michezo ya ndani ya jengo moja la maduka hapa Mombasa, silitaji, ile ya mipira ya plastiki na vitelezo. Walipisha kwa nusu saa. Soksi lazima ununue zao, ulizokuja nazo hazifai. Mtoto ndio kwanza amepata rafiki, ndio kwanza ameanza kucheka, mara kengele, muda umeisha, ongeza pesa ama toka. Tukaongeza. Tukaongeza tena. Mara ya tatu babake akasema basi, tukamtoa akilia mpaka watu kwenye ngazi wanageuka kututazama kama tumemuiba. Tulipofika nyumbani tukapiga hesabu, elfu mbili na mia saba zimekwenda, na kitu alichokumbuka mtoto ni kule kulia.

Kwa hivyo Jumapili iliyofuata nilikuwa nishasema mimi siendi popote, nalala. Lakini mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa kwetu tangu Ijumaa, na mavyaa akiwa kwako hulali. Mume wangu akasema twendeni Pirates mtoto akaoge bahari. Nikamwambia Pirates Jumapili na mtoto wa miaka mitatu hiyo ni kazi si mapumziko, macho hayatoki majini hata dakika moja, mara ataka kupanda ngamia, mara ataka boya, utarudi shingo yauma. Tukawa twabishana hapo sebuleni, yeye bahari mimi kitanda, ndipo mavyaa akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi nipelekeni timboni."

Timboni wapi tena? Tukafikiri labda kuna mgonjwa ataka kwenda kumuangalia. "Timboni pale Bamburi, kwa mtambo, palipopandwa miti. Wallahi tangu niolewe sijaingia."

Kumbe ni Haller Park. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kwenda nilikuwa darasa la sita, safari ya shule, tumejazana kwenye basi, mwalimu apiga kelele mstari, mstari, na nikikumbuka sana nakumbuka mamba na soda. Siku zote naipita pale barabarani nikienda Mtwapa wala sigeuzi shingo. Nilikuwa naona ni pahali pa watoto wa shule na watalii.

Sasa jambo la kwanza kwa wenye watoto wadogo, msiende asubuhi. Najua kila mtu atakwambia asubuhi kuna baridi, lakini ukihesabu kumuamsha, kumlisha, kumvisha, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea, utafika saa tano, na saa sita jua na usingizi vitamkuta mtoto pamoja, hapo hata umuoneshe ndovu anayecheza ngoma atalia tu. Sisi tulimpa wali wa nazi na samaki nyumbani mapema, akalala saa sita na nusu, akaamka saa nane akatukuta tushavaa. Siku tuliyoenda twiga walilishwa saa tisa na kiboko saa kumi, kwa hivyo ukiingia saa tisa kasoro yale mambo makubwa mawili yote yako mbele yako na jua lenyewe lishaanza kulegea. Halafu ndani kuna miti, si mchezo, yani kivuli juu ya kivuli, hata saa nane huungui.

Usafiri: twakaa Majengo, dereva wa tuktuk alianza na mia saba tukamalizana mia tano. Kwa matatu ni rahisi zaidi, panda yoyote inayovuka daraja la Nyali kuelekea Bamburi na Mtwapa, mwambie konda akushushe Haller, hakuna konda asiyepajua. Wekeni tu muda wa Kongowea, pale sokoni msongamano haujui Jumapili.

Getini bei ya mwananchi na ya mgeni si moja, na mtoto analipa chini ya mtu mzima, kwa hivyo bebeni vitambulisho. Mavyaa cha kwake kilikuwa ndani ya pochi, pochi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, tukasimama pale tukisubiri kifunguliwe kama zawadi ya harusi. Kigari cha mtoto tulikiacha nyumbani na sikujuta, pale mtoto ataka kushuka kila hatua tatu, ungekuwa wasukuma kigari kitupu. Mimi nilibeba leso mbili, moja ya kumfunga mgongoni akichoka na moja ya kukalia. Leso mbili zatosha, mzigo mwingine wote ni tamaa.

Basi nikadhani tutakwenda moja kwa moja kwa twiga. Lakini wapi! Hatujaenda mbali mtoto akachutama. Kuna jongoo. Si wale wadogo wa bafuni, ni lile jongoo kubwa jeusi lenye miguu myekundu, refu kama kidole changu cha kati na zaidi, linatembea juu ya yale majani makavu ya mivinje kama lina miadi mahali. Binti yangu akalinyooshea kidole akasema, "Treni!"

Na unajua kuna wazungu wanaofuga hawa wadudu majumbani kwao huko ng'ambo, nao jongoo huyu wa kwetu wanamuita hivyo hivyo, treni ya Mombasa. Mimi nilikuwa nimesoma mahali zamani nikacheka, sasa mtoto wangu asiyejua kusoma amelitaja mwenyewe.

Pale tulikaa. Sijui dakika ishirini, sijui nusu saa. Treni inakwenda, yeye anaifuata amechutama, ikifika kwa mzizi anashika pumzi, ikipanda anapiga makofi. Mume wangu akaanza ile tabia yake ya kuangalia saa, twendeni twiga jamani, twiga. Mavyaa akamwambia muache mtoto, umelipa hapa kwa nusu saa? Nami moyoni nikasema ahsante mama, maana nilikuwa nataka kusema hayo hayo ila ndoa ina wakati wake.

Mbele yetu kulikuwa na kundi la wageni na muelekezi wao, anaeleza kwa Kiingereza na Kiswahili, sisi tukawa twadoea maelezo bure huku tukijifanya twaangalia miti. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mavyaa hasemi Haller, asema timboni, yani machimboni kwa mawe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na mawe yake ni haya ya matumbawe ya pwani, basi wakichimba wakiacha shimo jeupe, wakichimba wakiacha shimo. Mavyaa akatuambia yeye akiwa msichana Kisauni alikuwa akipita na mamake wakienda kwa shangazi yao, na pale palikuwa peupe tupu, hakuna mti, hakuna unyasi, jua likipiga macho yauma, "hata kunguru hatui, atue juu ya nini?" Mwaka 1971 ndio yule Mswisi, Rene Haller, akaanza kujaribu kupanda. Alijaribu aina 26 za miti kwenye lile jiwe lenye chumvi. Zikashika tatu tu, mvinje, mnazi, na mti mmoja wa kutoka upande wa Somalia waitwa damas.

Mnazi twajua, mnazi hata juu ya kaburi wamea. Lakini mvinje ndio uliobeba kazi, maana mvinje wajitafutia mbolea, mizizi yake ina vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani. Shida ikawa majani. Yale majani yake kama sindano ni makali na magumu, yaanguka, yarundikana, hayaozi, na yasipooza hakuna udongo, miti itasimama juu ya jiwe mpaka kiama. Sasa wakaleta nani? Majongoo! Majongoo yakala yale majani ambayo hakuna mwengine aliyeyataka, yakatoa kinyesi, kinyesi kikawa udongo, udongo ukapokea mbegu nyingine, na mbegu zikaleta ndege na wanyama. Yani huo msitu wote uliokufunika kichwa umesimama juu ya mavi ya jongoo, mniwie radhi. Mavyaa akamgeukia mjukuu wake, akamwambia, "Huyo usimkanyage. Huyo ndiye fundi."

Kutoka hapo kila jongoo lazima tulisalimie. "Shikamoo fundi." Hesabuni wenyewe tulifika kwa twiga saa ngapi.

Tulifika, lakini kwa kukimbia. Pale pana jukwaa la juu, unapanda unakuwa usawa na kichwa cha twiga, unapewa chakula chake, vile vipande vidogo vikavu mfano wa chakula cha kuku lakini vikubwa kidogo, unaweka kiganjani. Picha za mitandaoni zote zinaonesha watoto wanacheka. Hakuna anayekuonesha dakika tano za kabla ya kucheka. Binti yangu alipoona kile kichwa kinakuja, na ukumbuke kichwa cha twiga si kitu kidogo mbele ya mtoto wa miaka mitatu, aliingia ndani ya buibui la bibi yake akapotea kabisa, yaonekana miguu tu. Mume wangu akaanza mshike, mpeleke mbele, usiogope, si simba. Msifanye hivyo. Ukimlazimisha hapo siku imeisha, na bado hamjaona kitu.

Mavyaa ndiye aliyetuokoa. Akatia vile vipande kiganjani, akasema bismillahi, akanyoosha mkono. Twiga akatoa ulimi. Jamani ule ulimi! Unafika sentimita 45, mweusi wa zambarau, unazunguka mkono kama mtu anayefunga kamba. Mavyaa alipiga ukelele mmoja ambao nafikiri uliskika Nyali, halafu akacheka mpaka akashika ukuta, mate yamemjaa mpaka kwenye kifundo, bangili zake za dhahabu zang'ara. Na mtoto akichungulia kutoka ndani ya buibui akaona bibi yake anacheka, si analia, basi akatoka. Kwanza akataka kumuona bibi akifanya tena. Kisha akataka kumtupia twiga kipande kutoka mbali. Kisha kimoja kiganjani, kimoja tu, akafumba macho. Mpaka tunaondoka yeye ndiye anaamuru watu, "wewe ngoja, zamu yangu."

Mume wangu alipiga picha 114 pale. Nimezitazama zote. Sabini hivi ni pua ya twiga.

Fulana ya akiba bebeni, ya mtoto na ya kwenu. Mate ya twiga yakikauka yanakaza nguo kama uji wa wanga.

Kosa langu la siku lilikuwa ndizi. Nilikuwa nimebeba ndizi mbili za mtoto kwenye mkoba, mkoba nimeuacha wazi juu ya leso, nimegeuka kumfunga mtoto kiatu. Kima akashuka. Wala hakukimbia, alikuja kwa adabu zake kama jirani aliyetumwa chumvi, akatia mkono, akachukua moja, akanitazama, akarudi kuchukua ya pili. Nilipoinuka yuko juu ya tawi anamenya. Mtoto hakulia hata, alimtazama kwa heshima, akaniuliza, "Mama, yeye pia amelala mchana?" Basi vyakula funga ndani ya kitu chenye zipu. Na usimlishe kwa makusudi, kima akizoea mkono wa mtu baadaye atakuja kuudai kwa meno.

Katikati hapo tulikaa tu. Kuna mabwawa ya samaki, wanafugwa tilapia pale, tukatandika leso upande wa kivuli, na kwa mbali wapita pofu na swala wakubwa wa aina nyingine ambao mume wangu aliwapa majina ya kubahatisha kwa sauti ya mtu aliyesomea. Hakuna muziki. Hakuna mtu anakuuzia kitu kila dakika mbili. Sikumbuki mara ya mwisho nimekaa chini na mtoto wangu yuko macho na mimi sifanyi kitu. Mwajua vile mapumziko na mtoto mdogo kawaida ni kazi ile ile ya nyumbani ila mbali na jiko? Haya hayakuwa hivyo, na nadhani ni kwa sababu pahali penyewe pana vitu vidogo vingi njiani. Mtoto wa umri huu hana haja na kiboko, ana haja na kitu cha urefu wake.

Lakini kiboko tulienda, saa kumi. Na hapo tena mambo yakawa marefu, maana huwezi kusimama kwa kiboko wa Haller bila hadithi ya Owen, na mavyaa anaijua yote kwa vile wakati ule watu wa Pwani tulikuwa hatuzungumzi kingine. Kwa wale mliokuwa hamjazaliwa: Desemba 2004, ile tsunami ya tarehe 26, ilikuta mtoto wa kiboko upande wa Malindi, pale mto Sabaki unapoingia baharini. Wenzake hawakuonekana, yeye akabaki peke yake kwenye maji ya chumvi. Watu wakamvua kwa nyavu, ni mtoto ndiyo lakini mtoto wa zaidi ya kilo mia mbili na hamsini, si wa kubeba kwa leso, wakamleta Haller. Kufika tu, ana hofu, amechoka, akakimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, mwenye umri unaokisiwa miaka 130 wakati huo. Mzee akajaribu kuondoka, Owen akafuata. Akaondoka tena, akafuata. Mwisho Mzee akasalimu amri, wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaingia majini pamoja, na picha zao zikazunguka dunia.

Binti yangu alisikiza yote kinywa wazi. Halafu akauliza, "Mamake alienda wapi?" Nikababaika. Nikasema alipotea kwenye maji. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kobe ni bibi yake?"

Mavyaa hakujua acheke ama anune. Kuitwa kobe na mjukuu wako mbele za watu si jambo dogo. Lakini naye hana ubaya, akageuka akampata mwanawe, akamwambia, "Umeskia? Kobe wa miaka mia na thelathini alilea mtoto si wake, si wa ukoo wake, si hata wa kabila lake, wala hakuangalia saa. Wewe wako mwenyewe Jumapili moja washachoka." Mimi nikajifanya napiga picha majani.

Kiboko mwenyewe akaja juu akala, akafungua kinywa mara moja, watoto wote wakapiga ukelele, akazama. Nzuri, lakini fupi. Makobe wakubwa wapo bado, wanatembea, na ukitaka maoni yangu wapeni wao muda zaidi kuliko kiboko, kobe mtoto anaweza kumkaribia akamuona jicho na mikunjo ya shingo, na kobe hana pa kwenda. Wetu alisimama mbele ya mmoja akamuuliza kama amekula. Msimpandishe mtoto mgongoni tu, najua picha yavutia, yule si kiti.

Mamba, tulipita. Wamelala, wamefungua vinywa, mtoto akauliza kama ni wa plastiki, tukaendelea. Kwa nyoka mume wangu aliingia peke yake kishujaa akarudi baada ya dakika mbili anasema ndani kuna joto. Sawa baba.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa twatoka na ukweli ni kuwa hatukuona hata nusu, na sikuwa na uchungu wowote. Wenye watoto wakubwa wenye baiskeli kuna njia za msituni za Forest Trails, hapo hapo Bamburi, ni sehemu ya yale yale matimbo yaliyopandwa miti, lakini kwa mtoto wa miguu mifupi siku moja Haller moja.

Chakula cha jioni sasa. Hapa ndipo tulipoharibu. Mtoto ana njaa, ndizi ameshakula kima, tukaingia hoteli moja ya barabarani huko mbele, nzuri kwa macho, taa za rangi, viti vya mto. Tukaagiza chipsi kuku mbili na juisi. Robo saa. Nusu saa. Juisi ikaja moja, ya nani haijulikani. Mtoto amekula sukari ya kwenye bakuli, amekula kachumbari ya meza jirani, amelala chini ya kiti. Saa nzima na dakika kumi. Kila ukiuliza, "yakuja, yakuja." Mwisho mavyaa akamuita yule kijana kwa upole kabisa, akamwambia, "Mwanangu, huyo kuku mwampika ama bado mwamwangua?" Kijana akacheka, sisi tukacheka, kuku hakuja. Tukalipa juisi tukaondoka.

Kiembeni pale karibu na stendi kulikuwa na mama na karai lake. Viazi karai vya moto, ukwaju mzito, pilipili pembeni kwa anayetaka. Vya mia mbili vikashibisha watu watatu na nusu, tumesimama, upepo wapuliza, na mtoto ukwaju mpaka kwenye nyusi. Mwakani mkinipa hoteli yenye taa za rangi bure, nitamchagua yule mama. Ushauri wangu wa chakula ni huo, kuleni nyumbani kabla ya kwenda, bebeni kitu kwenye zipu, na mkitoka tafuteni karai.

Kwa jumla, ukitoa tiketi za getini, tuktuk kwenda na kurudi elfu moja, viazi mia mbili, madafu matatu, na ile juisi ya machungu. Linganisha na soksi na mipira.

Kama wataka simba na ndovu usiende Haller ukaja ukalalamika, ndovu nendeni Shimba Hills, simba nendeni Tsavo, hapa hawapo. Kama watoto wako wamefika umri wa kutaka kelele na vitelezo watakwambia wamechoka baada ya saa moja. Lakini mtoto wa miaka miwili mpaka mitano, na mzee wa nyumbani ambaye anatembea pole pole, hao wawili wana mwendo mmoja, wapelekeni pamoja halafu nyinyi wengine fuateni nyuma. Na mkiwa na mzee aliyepajua pakiwa timbo, huyo mumkalishe karibu na mtoto.

La mwisho, kung'uteni leso zenu kabla hamjatoka getini. Mimi sikukung'uta. Usiku nafungua mkoba nitoe nguo za kufua, leso ya kukalia ikakung'utika kidogo, ikadondosha treni katikati ya sebule, fundi mwenyewe, amejikunja kama senti. Mume wangu alipanda kochi. Mtoto alikuwa ameshalala, alhamdulillah, angetaka alale naye. Nilikuwa nataka kumtoa nje kwa fagio, mavyaa akanikataza, akamteka kwa kipande cha gazeti, akatoka naye barazani akamuweka kwenye debe la mlimao wetu ambao mwaka wa pili huu hautoi kitu. "Mpeni kazi," akasema, akaingia kulala.